Kuchagua mfumo endeshi wa kompyuta ya familia inayocheza gemu

Malipo ya korosho yanapoingia, familia nyingi za Mtwara na Lindi hupata nafasi ya kununua kompyuta ya mtumba, na mara nyingi suala la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta kama Windows au Linux, huachiwa fundi, ambaye hupiga Windows iliyopo kwenye flashi yake bila kuuliza watoto watacheza nini. Nashauri utaratibu huo ugeuzwe: andika kwanza majina ya gemu ambazo watu wa nyumbani wanazicheza kweli, ndipo mfumo uchaguliwe kwa kuzifuata.

Igawe orodha hiyo mafungu mawili, yaani gemu za kushindana na watu mtandaoni, na gemu za kucheza peke yako au na ndugu kwenye mashine ileile. Mgawanyo huu huamua karibu kila kitu, kwa kuwa gemu nyingi za ushindani huja na programu ya kuzuia udanganyifu ambayo imetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, au ambayo wenye gemu hawajairuhusu ifanye kazi kwenye Linux. Fortnite na Valorant hazichezeki kwenye Linux kwa sababu hiyo. GTA V, ambayo nasisitiza kuwa ni gemu ya watu wazima, inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: sehemu yake ya hadithi hufunguka kwenye Linux, lakini ile ya mtandaoni ilizibwa Septemba 2024 baada ya kuongezewa ulinzi wa aina hiyo. Ikiwa kijana wako anataka Fortnite na rafiki zake wote wako huko, usihangaike na mengine, chagua Windows.

Hapo ndipo mashine yenyewe inapohitaji kukaguliwa. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na anayejiandikisha hupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026 tu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kuanzia kizazi cha 8. Kabla hujatoa fedha dukani, mwombe muuzaji aiwashe kompyuta, kisha usome jina la prosesa kwenye maelezo ya mfumo: i5-4570 ni kizazi cha 4, ilhali i5-8500 ni cha 8, kwani kwenye namba za tarakimu nne kama hizi, tarakimu inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi, na kwenye namba za tarakimu tano ni mbili za kwanza. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na uangalie kama toleo linaloonekana ni 2.0. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya zamani, na kweli hukaa, lakini Microsoft haiihakikishii mashine hiyo masasisho, na Valorant itaikataa ikiwa haina TPM 2.0. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 inayotajwa kuwa kiwango cha chini cha Windows 11 haitoshi kwa gemu. Tafuta GB 8, na ukiweza 16.

Mashine isiyokidhi masharti hayo bado ina kazi. Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, ni ya bure, haihitaji leseni, na toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, teknolojia ya Proton iliyotolewa mwaka 2018 huwezesha gemu nyingi za Windows kuchezeka kwenye Linux, na tovuti ya ProtonDB hueleza hali ya kila moja. Hata hivyo, Proton hutegemea Vulkan, teknolojia ya kuchora picha za gemu, ambayo sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa za Intel za kizazi cha 4 haiitekelezi kikamilifu, hivyo usitarajie gemu mpya zifunguke hapo. Kwenye mashine kama hiyo, SuperTuxKart, gemu ya bure ya mbio za magari, na Minecraft ya Java zinawafaa watoto vizuri zaidi.

Ijaribu kabla ya kuamua. Pakua Mint, ambayo ni takriban GB 3, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, kisha washa kompyuta huku ukibonyeza F12 kwa Dell au F9 kwa HP, na uchague flashi. Mfumo utafunguka bila kuigusa diski, nawe utahakikisha kama Wi-Fi, sauti na padi ya kuchezea gemu vinafanya kazi.

Mac nisingeinunua kwa ajili ya gemu: zinazotengenezwa kwa ajili yake ni chache, na tangu 2019 macOS iliacha kuendesha programu za biti 32, zikiwemo gemu nyingi za zamani.

Lipo pia suala la bando, ambalo kwetu ni zito, maana gemu moja kubwa huweza kuzidi GB 100. Tangu 2023, Steam huruhusu kompyuta moja kunakili gemu kutoka nyingine iliyo kwenye mtandao uleule wa nyumbani, kwa hiyo mpwa akija na kompyuta mpakato yenye gemu hiyo, sehemu kubwa ya bando huokolewa. Kwenye Windows, iwekee Wi-Fi ya simu alama ya mtandao wenye kipimo (metered connection) ili masasisho yasilimalize bando, na masasisho makubwa yafanye umeme ukiwa umetulia au UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ikiwepo, kwa sababu kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya kazi hiyo huweza kushindwa kuwaka.

Ukibaki na shaka, Mint inaweza kusakinishwa kando ya Windows kwenye diski ileile, mradi picha na kazi za shule zihamishiwe kwanza kwenye diski ya nje.