Kununua gitaa kavu kwa bajeti ya wastani: vipimo vya kufanya kabla ya kulipa

Kasoro za gitaa kavu, lile ambalo wazee wengi bado wanaliita galatoni, ziko za aina mbili: zinazotibika kwa msasa na saa moja ya kazi, na zinazogharimu kuliko gitaa lenyewe. Mnunuzi wa bajeti ya wastani akiweza kuzitofautisha, amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Rangi, mapambo na jina lililoandikwa kichwani yasubiri.

Nenda na simu yenye tochi na programu ya tyuna (kipima noti), rula ya chuma ya sentimita 60, karatasi chache za A4 na kadi nne za benki zisizo na herufi zilizotokeza. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, na karatasi ya gramu 80 ni takriban milimita 0.1. Hivyo ndivyo vipimo vyako.

1. Gawa fedha kabla ya kutoka nyumbani

Mwenye laki 6 za Kitanzania aingie dukani akijua ana laki 5. Inayobaki ni ya nyuzi mpya, begi na fundi. Magitaa mengi ya bei ya kati hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno, na anayemaliza fedha zote dukani huishia kupiga gitaa linaloumiza vidole.

2. Chuma au nailoni

Amua mapema, kwa sababu huwezi kubadilisha baadaye. Seti ya chuma ya 12–53 (unene wa uzi mwembamba na mnene, kwa sehemu za elfu za inchi) huvuta kwa zaidi ya kilo 70, ya nailoni kwa takriban kilo 40. Ukifunga chuma kwenye gitaa la nailoni, daraja (kipande cha mbao usoni pa gitaa kinachoshika nyuzi) litang'oka au shingo itapinda. Shingo ya nailoni pia ni pana, karibu milimita 52 kichwani dhidi ya 43 za chuma. Upana huo unamfaa anayedonoa kwa vidole, na unamchosha mwenye mkono mdogo anayetaka kushika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tu.

3. Tazama ukingo wa tundu la sauti

Mulika tochi kwenye ukingo wa tundu. Mistari ya mbao iliyo juu ya uso ikiendelea kushuka kwenye unene wa ukingo, uso ni wa mbao nzima. Ukiona matabaka kama ya plaiwudi, ni mbao za kugandishwa. Yamaha F310, kwa mfano, ina uso wa matabaka. FG800, iliyotoka mwaka 2016, ina uso wa sprusi (mbao ya jamii ya msonobari) nzima. Mbao nzima hutoa sauti pana zaidi. Hata hivyo gitaa la matabaka lenye shingo iliyonyooka ni bora kuliko la mbao nzima lenye shingo iliyovutwa, na kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja matabaka huvumilia unyevu vizuri zaidi.

4. Tyuni kwanza

Usipime chochote kabla nyuzi hazijafika E, A, D, G, B, E kamili kwenye tyuna, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Gitaa lililolegezwa noti moja au mbili huonekana lina nyuzi za chini na shingo nzuri, kumbe mvutano haupo. Lisilo na nyuzi kabisa usilinunue. Hakuna unachoweza kulithibitisha.

5. Shingo

Funga jicho moja, tazama kutoka upande wa mwili kuelekea kichwani. Kingo mbili za shingo ziende sambamba. Shingo iliyojisokota kama kamba haina dawa ya bei nafuu.

Freti ni vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na huhesabiwa kutoka kichwani. Sasa bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, utazame nafasi iliyo juu ya freti ya 7. Karatasi mbili au tatu zipite. Zikipita zaidi ya tano, shingo imepinda mbele na inahitaji kukazwa kwa chuma kilicho ndani yake. Muulize muuzaji ufunguo wa alen (wa pembe sita) na umwone akikizungusha, robo mzunguko tu. Kikigoma, au gitaa la nyuzi za chuma likiwa halina chuma hicho, liache.

6. Kimo cha nyuzi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Kwenye freti ya 12, sukuma kadi chini ya uzi mnene. Tatu zikipita bila kuunyanyua na ya nne ikibana, kimo ni kati ya milimita 2.3 na 3, na ni kizuri. Zote nne zikipita na nafasi ikabaki, kimo kimezidi. Uzi mwembamba uwe karibu milimita 2. Nailoni ongeza milimita moja.

Kimo kikubwa peke yake si sababu ya kuliacha gitaa. Tazama kijiti cheupe kilicho kwenye daraja. Ili kushusha uzi milimita 1 kwenye freti ya 12, kijiti hicho hupunguzwa milimita 2 kwa chini. Basi kama kimo ni 3.5 na unataka 2.5, kijiti kiwe kimetokeza angalau milimita 5, ili zibaki 3 baada ya msasa. Kikiwa tayari kimezama kwenye daraja huku nyuzi ziko juu, pembe ya shingo imeharibika. Kuirekebisha ni kuing'oa shingo na kuibandika upya, na hakuna gitaa la bajeti ya wastani linalostahili gharama hiyo.

Thibitisha kwa rula: isimamishe kwa ukingo juu ya freti, kati ya uzi wa 3 na wa 4, kuanzia freti ya 2 kuelekea kwenye daraja. Ncha ifike usawa wa juu wa mbao ya daraja au ipite kidogo. Ikigonga chini ya hapo kwa milimita moja na nusu au zaidi, rudisha gitaa.

Halafu kichwani: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, uangalie juu ya freti ya 1. Karatasi moja ipite kwa shida. Zikipita nne, mifereji ya kijiti cha kichwani, ambamo nyuzi hupita, ina kina kidogo, na kodi ya F itakuwa mateso. Fundi huichimba kwa tupa nyembamba. Hiyo ni kasoro ya kuombea punguzo.

7. Noti moja moja

Piga kila uzi kutoka freti ya 1 hadi ya 14. Mkwaruzo kwenye freti za kwanza nne au tano humaanisha shingo imenyooka kupita kiasi. Ukiwa kwenye freti moja tu, freti inayofuata imeinuka. Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, yaani bila kubonyezwa, mfereji wake kichwani umelika.

Linganisha mlio wa kengele wa freti ya 12 (uguse uzi kidogo bila kuubonyeza) na noti iliyobonyezwa hapohapo. Tofauti ya senti 5 (senti ni sehemu ya mia ya hatua ya freti moja) kwenye tyuna si neno. Ikifika 10 na kimo ni kizuri, kijiti cha daraja hakikuwekwa mahali pake.

8. Daraja

Jaribu kuingiza karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikizama zaidi ya milimita moja, gundi imeanza kuachia. Gonga pia mgongo wa gitaa kwa kidole. Mlio wa kutetema ni ishara ya ubao wa ndani ulioachana.

Ukishanunua, lilegeze na ulitunze kwenye begi, mbali na jua na buti ya gari, kwani joto hulainisha gundi. Unyevu unaolifaa ni asilimia 45 hadi 55. Pwani uso huvimba na nyuzi kupanda, kwa hiyo pima tena kimo baada ya wiki tatu kabla ya kumpelekea fundi. Dodoma au Nairobi wakati wa ukame, pitisha kiganja ukingoni mwa shingo: ncha za freti zikianza kukwaruza ngozi, mbao inakauka. Weka sifongo yenye unyevu ndani ya kopo lililotobolewa, kando ya gitaa begini.