Namna ya kupata tarehe ya Pasaka ya 2027 kwa daftari na penseli

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kuketi na katekista wa kigango chetu hapa Kampala, aliyetaka kalenda ya kwaya na mafungo mapema.

Hatua ya 1. Gawanya mwaka kwa 19, kisha baki uongeze 1. Kwa 2027, baki ni 13, hivyo namba ya dhahabu (nafasi ya mwaka katika mzunguko wa mwezi wa miaka 19) ni 14.

Hatua ya 2. Kwenye jedwali la Kanisa, tafuta mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, ambayo ndiyo mpaka. Namba 14 ni 22 Machi. 15 (2028) ni 10 Aprili. 16 (2029) ni 30 Machi. 17 (2030) ni 17 Aprili.

Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima, kwa sababu wanafungua programu ya mwezi kwenye simu. Usiifungue kabisa. Kanisa halifuati mwezi wa angani, linafuata jedwali. Vilevile limeiweka siku ya usiku na mchana kulingana kuwa 21 Machi daima, hata jua likitangulia. Nasi wa ikweta, ambao mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima, tusingeitambua kwa macho. Tazama 2019: mwezi ulipevuka angani alfajiri ya Alhamisi 21 Machi, kwa hiyo simu ingekupa Pasaka 24 Machi. Kwenye jedwali, mwezi huo ulikuwa umeshapevuka 20 Machi, siku moja kabla ya mpaka, ukarukwa. Uliofuata ulikuwa 18 Aprili, na Pasaka ikawa 21 Aprili.

Hatua ya 3. Chukua Jumapili inayofuata. 22 Machi 2027 ni Jumatatu, basi Pasaka ni 28 Machi. Mwezi ukipevuka Jumapili yenyewe, nenda Jumapili ya mbele: 2025 ulipevuka Jumapili 13 Aprili, tukasali Pasaka tarehe 20.

Hatua ya 4. Hesabu kwenye kalenda ya ukutani, kila mara ukianzia Pasaka. Rudi siku 46, Jumatano ya Majivu: 10 Februari. Songa 39, Kupaa Bwana: 6 Mei. Songa 49, Pentekoste: 16 Mei. Kupaa, muulize paroko kwanza, kwani Wakatoliki wa sehemu nyingine huiadhimisha Jumapili.

Kama kwaya yenu huimba pamoja na Waorthodoksi wa Namungoona, hapa Kampala, hesabu hii haiwahusu. Wao huipata Pasaka kwa kalenda ya Juliasi, ile ya kale, na Pasaka yao ya 2027 ni 2 Mei. Waandikieni mwaliko kwa tarehe hiyo.