Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujajaza Stoo kwa Ajili ya Siku Ngumu

Fedha zinapopungua nyumbani, unga na mchele huwa wa mwisho kukatwa. Yanayotangulia kuachwa ni maharage, kisha mafuta ya kula. Sufuria inaendelea kujaa, watoto wanashiba, lakini baada ya muda mfupi njaa imerudi. Ndiyo maana akiba inayowekwa mapema, kipato kingalipo, iwe kwanza ya kulinda vitu hivi viwili. Unga utautafuta tu hata hali ikiwa mbaya, kwa sababu bila unga hakuna anayelala.

Anza na hesabu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) hupangia mtu mmoja kilokalori 2,100 kwa siku, na mgao wake wa kawaida una nafaka gramu 400, jamii ya kunde gramu 60 na mafuta gramu 25, pamoja na unga ulioongezwa virutubisho, sukari na chumvi kidogo. Kwa watu 5, siku 30, hiyo ni kilo 60 za nafaka, kilo 9 za maharage au dengu, na mafuta lita 4 hivi. Watoto wadogo hula pungufu ya hapo, na kilo 60 hazinunuliwi kwa mkupuo. Ila tazama zile kilo 9 na lita 4: ni mzigo mdogo, unaoweza kukusanywa kidogo kidogo kila unapokwenda kununua mahitaji.

Mzigo huo mdogo una kazi kubwa. Nafaka ina upungufu wa lisini, mojawapo ya viini vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na jamii ya kunde, kama maharage na dengu, ina lisini ya kutosha. Zikiliwa pamoja zinajaziana. Mafuta nayo hutoa kilokalori 9 kwa gramu, wakati wanga hutoa 4. Mtoto mwenye tumbo dogo, anayeshiba uji mwepesi kabla hajapata nguvu ya kumtosha, kijiko kimoja cha mafuta kwenye bakuli lake kina maana kuliko kuongezewa uji.

Wengi huhesabu chakula wakasahau moto. Maharage makavu bila kuni, mkaa au gesi ni mapambo ya stoo. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, kisha upike kwa maji mapya. Yataiva mapema zaidi. Maharage yaliyokaa muda mrefu, hasa penye joto na unyevu, huwa magumu na kula moto mwingi, hivyo tumia ya zamani kwanza. Moto ukiwa wa shida kweli, dengu zilizokobolewa na kupasuliwa huiva haraka na hazihitaji kulowekwa. Jambo moja nalisisitiza: maharage mekundu yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutokota kwa nguvu tu. Kama unabana matumizi kwa kuifunga sufuria kwenye blanketi ili maharage yajiivie yenyewe, hakikisha kwanza yametokota vizuri dakika 10 kamili, na ukiweza fikisha 30. Moto wa chini peke yake hauiondoi.

Kabla ya kuhifadhi mahindi, yapime unyevu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache. Iache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Ikiporomoka yote chini, yanafaa kuwekwa. Usilione hili ni usumbufu, kwa sababu unyevu ndio unaoleta kuvu, na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu hao, haiondoki kwa kupikwa. Mahindi au karanga zilizoota ukungu hazichambuliwi ili kuokoa zilizobaki nzuri. Zinatupwa, hata kama roho inauma.

Unga usiokobolewa una virutubisho zaidi, lakini mafuta ya kiini chake huufanya uharibike mapema, kwa hiyo usirundike wa miezi mingi. Vyombo viwe na mifuniko inayobana, viinuliwe kutoka sakafuni, na kila kimoja kiandikwe tarehe. Fukusi wakionekana kwenye kimoja, kitenge siku hiyo hiyo. Usinunue kwa wingi kitu ambacho familia haijazoea kukila, kwa sababu wakati wa dhiki si wakati wa kubembelezana na mtoto juu ya chakula kigeni.

Kiporo cha wali kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Kikikaa kwenye joto, bakteria huweza kuacha ndani yake sumu isiyoondoka hata ukikipasha tena. Kama hakuna jokofu, pika kinachoisha.

Mwisho, panga mapema nani anapakuliwa nini. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, na mama huyo anahitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku kuliko kawaida yake. Katika nyumba nyingi yeye ndiye hula mwisho, kilichobaki. Pakua sahani yake kwanza, na maharage yawe ya kutosha.