Namna ya Kuandaa Kikao cha Mashairi Lamu

Anayetaka kuanzisha kikao cha mashairi katika mji wa Lamu hana haja ya kuwafundisha watu kwamba shairi ni la kusikilizwa, kwa kuwa hapa wako wengi waliozijua tenzi kwa masikio kabla ya kuziona zimeandikwa. Kazi inayomkabili ni ya kuwapa watunzi waliotawanyika Mkomani, Langoni, Shela na Matondoni sababu ya kukutana, na kisha kukutana tena. Ninaamini kwa dhati kwamba sababu iliyo imara kuliko zote ni majibizano. Kikao ambacho kila mmoja husimama, akasoma lake, akapigiwa makofi na kwenda zake, hakichukui muda kufifia, kwa maana hakuna anayedaiwa neno na mwenzake. Lakini pale ambapo shairi la mmoja linamdai mwingine jawabu, watu hurudi bila ya kuitwa.

Utaratibu huo si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu ilipokuwa ikivutana na Pate na Mombasa, washairi nao walikabiliana kwa beti, Bwana Muyaka bin Haji akiwa upande wa Mvita, yaani Mombasa, na Bwana Zahidi Mngumi akiwa upande wa Lamu. Ikiwa uadui wenyewe haukuwazuia watu kusubiri jawabu la hasimu wao na kulipima kwa vina na mizani, yaani hesabu ya silabi, basi majirani wa mitaa miwili hawana udhuru.

Anza na watu kabla ya kufikiria mahali. Watunzi watano na waghani wawili, yaani watu wa kuyaimba mashairi kwa sauti, wanatosha kabisa kwa kikao cha kwanza, na usistaajabu kuona ninawatenga watunzi na waghani, kwa sababu anayetunga vizuri si lazima awe na sauti ya kughani. Ni jambo la kawaida Lamu kwa mtunzi kumkabidhi shairi lake mtu mwenye sauti, naye akalighani kwa niaba yake, na ndivyo kanda za mashairi zilivyosikilizwa majumbani kwa miaka mingi. Kwa hiyo tafuta waghani mapema, uwape maandishi siku kadhaa kabla, ili wapate kuchagua sauti inayofaa na kujua mahali pa kuvuta pumzi. Wazee usiwaalike kwa ujumbe wa simu peke yake. Nenda mwenyewe nyumbani kwao baada ya alasiri, upige hodi, uwaamkie na kuwauliza hali ya nyumbani, ndipo utaje haja yako. Mzee anayekataa kughani kwa sababu ya umri huenda akakubali kuketi tu na kusikiliza, na kuketi kwake ni faida kubwa, kwa kuwa vijana hujipima zaidi wanapojua ni nani anayewasikiliza.

Kuhusu mahali, chaguo langu la kwanza ni daka, yaani ukumbi wa mlangoni, la nyumba ya mwenyeji anayeheshimika mtaani, au baraza iliyo pana kidogo ambayo mikeka inaweza kutandikwa mbele yake bila ya kuziba njia ya watu na punda. Watu wapatao thelathini wakiketi hapo, mghani hahitaji kipaza sauti, na ni bora asikitumie, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba na sauti ya mtambo hupiga kuta ikavuruga silabi ambazo msikilizaji anatakiwa kuzihesabu. Ukitarajia watu wengi zaidi, Ngome ya Lamu, ambayo ilikuwa jela hadi mwaka 1984 kabla ya kuwa chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, ina ua mpana wa ndani. Omba idhini kwa barua, na mapema. Mjulishe pia mzee wa mtaa, popote utakapokutana.

Saa iliyo nzuri ni baada ya sala ya isha, watu wakiwa wameshakula. Epuka siku za maulidi na siku ambazo mtaa una harusi au matanga. Ukiwaalika watunzi kutoka Pate, Siu au Faza, tazama kwanza maji kabla ya kutangaza tarehe, kwa kuwa mashua za huko hufuata kujaa na kupwa, na mgeni atakayefika jioni hataweza kurudi usiku uleule. Mtafutie pa kulala katika nyumba ya mtunzi mwenzake, na nina hakika kwamba mazungumzo yao ya usiku huo yatazaa beti ambazo kikao chenyewe kisingezizaa.

Sasa tuje kwenye kiini, nacho ni fumbo. Wiki mbili kabla ya kikao, mwombe mtunzi mmoja atoe ubeti wa swali, kisha uueneze kwa wote walioalikwa. Ubeti uwe wa tarbia, yaani wa mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, na wenye vina vya kati na vya mwisho vilivyo wazi, ili anayejibu ajue anafungwa na nini. Huu hapa ni mfano nilioutunga kwa ajili ya maelezo haya:

Enyi wenye tafakuri, nambieni kwa kalima,
Nina chombo cha fahari, kisopata kusimama,
Hakikanyagi bahari, hubeba ovu na jema,
Kikenda kombo ni shari, nifumbulieni hima.

Anayejibu analazimika kuvichukua vina vilevile, "ri" katikati na "ma" mwishoni, na kuonyesha katika mshororo wake wa kwanza kwamba swali amelisikia. Anaweza kuanza hivi: "Chombo chako si cha siri, ni ulimi wa kusema", kisha akaendelea kueleza kwa nini ulimi hausimami na shari yake hutoka wapi. Mwingine anaweza kukataa na kudai kwamba chombo hicho ni kalamu, au ni simu iliyo mkononi mwa kila kijana, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mwenye fumbo atapaswa kusimama mwishoni atoe ubeti wa hukumu, akieleza ni jawabu lipi lililogonga na lipi lililopita pembeni. Chagua mafumbo yanayoruhusu majawabu zaidi ya moja. Fumbo lenye jawabu la pekee ni kitendawili, na kitendawili kikishateguliwa hakuna aliyebaki na la kusema.

Tahadhari moja ni ya lazima: fumbo lisimlenge mtu aliye hai wa mtaani, hata kama kila mmoja anajua kwamba ana makosa. Mji huu ni mdogo, na beti hukumbukwa kuliko maneno ya kawaida. Msimamizi asome mafumbo yote kabla hayajatoka mikononi mwake, na awe na ujasiri wa kulirudisha lolote lenye sumu.

Usiku wenyewe ufunguliwe kwa dua fupi na kipande cha utenzi wa zamani. Utenzi wa Mwana Kupona, aliomtungia bintiye mwaka 1858, unafaa sana, kwa kuwa wengi wanaujua na sauti yake huwatuliza watu wakaacha maongezi. Beti ishirini zinatosha. Baada ya hapo fumbo lighaniwe mara mbili, polepole, kisha majawabu yafuate, ya vijana kwanza na ya wazee baadaye, ili kijana asione haya kusimama baada ya bingwa. Kila jawabu likiisha, acha kimya kifupi kabla ya mwingine kuanza, kwa maana wasikilizaji wanahitaji nafasi ya kurudia kina cha mwisho midomoni mwao na kuonyesha kwa sauti kwamba kimewaingia. Kahawa na halua zipitishwe kati ya sehemu mbili, kamwe si wakati mtu anaghani. Nimeona mghani hodari akipoteza mizani kwa mlio wa vikombe, na haikuwa haki kwake.

Jambo la kukosoana lina adabu yake. Kosa la mizani lisahihishwe palepale na mtu mmoja aliyeteuliwa, kwa upole, kwa kuurudia mshororo ulivyopaswa kuwa; kosa la maana liachiwe jawabu la beti. Asiachwe mtu yeyote kucheka lahaja ya mwenzake. Mtunzi wa Lamu akisema "mato" na wa Unguja akisema "macho", wote wawili wako sawa, na kikao kinachowalazimisha wote kuzungumza kama kitabu cha shule kitajinyima maneno ambayo yamebaki katika ushairi pekee. Vijana wanaoandika mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, nao wapewe nafasi yao katika sehemu ya pili, lakini ninashauri kwamba nao wafungwe na fumbo lilelile, ili wazee wayasikilize kama jawabu na si kama kitu cha kando.

Wanawake wana vikao vyao, na pengine ndio watunzi wengi kuliko tunavyokiri. Wako wasiopenda kughani mbele ya wanaume, na hilo liheshimiwe pasipo kuwanyima sehemu katika majibizano. Fumbo lipelekwe kwao pia, wakutane katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba mojawapo jioni, na majawabu yao yaghaniwe usiku na mtu waliyemchagua wao, kwa jina la mtunzi au kwa lakabu, kama atakavyotaka mwenyewe. Atakayependa kuja na kughani mwenyewe atengewe mahali pazuri pa kuketi.

Gharama si kubwa: mikeka huazimwa, kahawa huchangwa, na taa moja yenye betri itawaokoa umeme ukikatika. Fedha zikipatikana, zilipe nauli za mashua za wageni na ziwatunze waghani kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kila kikao kiwe na karani. Lamu iliwahi kuwa na Muhammad Kijumwa, malenga na mchonga mbao, ambaye alinakili miswada mingi kwa mkono wake hadi alipofariki mwaka 1945, na bila ya watu wa namna yake tungekuwa maskini zaidi leo. Karani aandike fumbo na majawabu yote katika daftari moja, kwa herufi za Kilatini, na anayeweza aongeze khati ya Kiarabu, ambayo bado wazee wengi wanaisoma kwa wepesi zaidi. Kurekodi sauti kunafaa sana, ila ruhusa iombwe kwa kila mghani kabla ya kuanza, na iulizwe wazi kama sauti hiyo inaweza kutumwa kwa watu wa nje ya kikao. Akikataa, simu ifungwe na kuwekwa chini hadi amalize. Nakala ya daftari ipelekwe katika maktaba iliyomo ngomeni, na nyingine ibaki kwa mwenye daka. Kabla watu hawajainuka, atajwe mtunzi wa fumbo lijalo na tarehe ya kulipokea, na karani aviandike vyote viwili hapohapo.