Siku za Mahakamani Katika Shauri la Talaka Tanzania

Mtu anayekwenda mahakamani kudai talaka bila kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwa kawaida hurudishwa alikotoka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro ufikishwe kwanza barazani, liwe la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kanisa, na baraza likishindwa kuwapatanisha wanandoa litoe hati ya kuthibitisha hivyo. Shauri linapofunguliwa, hati hiyo isiwe imezidi miezi 6 tangu itolewe. Wapo wanaosamehewa hatua hii, kama vile aliyetelekezwa na mwenza asiyejulikana aliko. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haifunguliwi shauri la talaka bila kibali cha mahakama.

Shauri laweza kuanzia hata Mahakama ya Mwanzo. Tarehe za awali huwa za kutajwa tu: karani anawaita majina, hakimu anauliza kama hati ya wito ilimfikia mdaiwa, madai yanakubaliwa au kukanwa, kisha mnapangiwa tarehe nyingine. Yote hayo huchukua dakika chache, baada ya kukaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mashahidi waache nyumbani siku hiyo, ila wewe mwenyewe usikose, kwa sababu mdai asipoonekana shauri laweza kufutwa, na mdaiwa akipuuza wito laweza kusikilizwa upande mmoja.

Siku ya kusikilizwa ndiyo nzito. Utaapa au kuthibitisha kulingana na imani yako, kisha utatoa ushahidi wako, ambao mara nyingi hakimu huuandika kwa mkono. Itazame kalamu yake: ikiwa bado inatembea, nyamaza kidogo, kwa maana neno ambalo halikuingia kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu anazoandika hakimu, ni vigumu kulitegemea baadaye kwenye rufaa. Badala ya kusema "alinitesa sana", eleza alikupiga lini, wapi na mbele ya nani, na kama ulitibiwa kwa PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, iombe mahakama iipokee kama kielelezo. Ukimaliza yatafuata maswali ya dodoso, yaani ya upande wa pili, na pasipo na wakili utaulizwa na mwenzako mwenyewe, anayejua vizuri ni neno gani litakuchoma. Akikuuliza, "Nani alimlipia mdogo wako karo?", jibu hilo tu, ukielekeza jibu kwa hakimu. Nadhani hapa ndipo wengi hujiharibia, kwani huja wamebeba hasira nyingi na karatasi chache.

Hata mkiwa mmekubaliana kuachana, hilo peke yake halitoshi. Mahakama ni lazima ijiridhishe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotolewa kwa mujibu wa dini baada ya baraza kushindwa kusuluhisha huipa mahakama msingi wa kutamka kwamba ndoa imevunjika.

Katika mgawanyo wa mali, mahakama huangalia mchango wa kila mmoja katika kuchuma. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango, ingawa rufaa ya Bi Hawa mwenyewe ilikataliwa. Usitarajie nusu kwa nusu moja kwa moja. Leta hati ya kiwanja, stakabadhi za saruji na mabati, hata fundi aliyepokea malipo kutoka mkononi mwako. Kuhusu watoto, sheria ina dhana kwamba aliye chini ya miaka 7 akae na mama, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi.

Hukumu ikisomwa, omba nakala yake na ya amri ya talaka siku hiyo hiyo, kwa kuwa muda wa kukata rufaa una kikomo. Amri ikishakuwa mkononi na hakuna rufaa, ifikishe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ili talaka isajiliwe na upewe cheti.