SOMO: Jinsi ya kupata lofti ya bei nafuu katikati ya mji

Wakuu, habari za humu. Kila baada ya siku chache anaingia mtu kuuliza atapataje lofti mjini kati kwa hela ya kawaida, na majibu ni yaleyale: "sahau", "jipange kwanza". Mimi nimeishi kwenye lofti mbili. Ya kwanza ilinitesa, ya pili nimo mpaka leo na kodi yake hainiumizi.

Kwa wasiojua, lofti halisi ni kiwanda au ghala la zamani lililogeuzwa makazi: ukumbi mmoja mpana usio na kuta za ndani, dari ya mita 3.5 au zaidi, madirisha makubwa, nguzo na mabomba vyote nje nje. Mtindo huu ulivuma kutokea SoHo, New York. Viwanda vilihama, ghala zikabaki tupu, wasanii wakaingia. Miaka mingi walikaa bila ruhusa, mpaka mwaka 1971 jiji lilipowakubalia wasanii waliothibitishwa kuishi mtaa ule, na mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuwalinda wakazi wa majengo ya namna hiyo. Walipata kodi ya chini kwa sababu majengo yenyewe yalikuwa na shida: mengi hayakuwa na jiko wala bafu la maana. Mambo hayajabadilika sana. Lofti ya bei nafuu lazima ina kasoro, na kazi yako ni kuijua kasoro hiyo kabla hujalipa.

Hatua ya 1: Chagua kasoro yako

Kaa chini uandike unachoweza kuvumilia. Kupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne bila lifti? Dirisha linalotazama ukuta wa jirani? Kukosa maegesho? Sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta ya mashine? Hizo zote hushusha kodi na hazimuui mtu. Usikubali unyevu, kelele za usiku, mlango mmoja tu wa kutokea moto ukiwaka, wala jengo ambalo kisheria haliruhusiwi kulala watu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hewa

Hapa ndipo wengi wanapoangukia pua. Fleti ya mita za mraba 60 yenye dari ya mita 2.5 ina hewa ya mita za ujazo 150. Lofti yenye sakafu hiyohiyo na dari ya mita 4.2 ina 252. Hewa hiyo ya ziada utaipasha joto au kuipooza kwa hela yako, na kwa kuwa joto hupanda, kwenye baridi unalipia kupasha dari wakati miguu inaganda. Kwenye joto kali, kitanda kilicho kwenye jukwaa la juu (kile kighorofa kidogo cha kulalia karibu na dari) kinakuwa kama tanuri. Omba kuona bili za umeme na za kupasha joto za mwezi wa baridi kuliko yote na wa joto kuliko yote. Mwenye nyumba akikwepa, umeshajibiwa. Feni ya darini inasaidia sana kurudisha joto chini, uliza kama ipo.

Halafu jumlisha ada ya huduma za jengo na bima, kisha toa nauli utakayookoa kwa kuishi karibu na kazi. Linganisha jumla kwa jumla, siyo kodi kwa kodi.

Pia beba futi kamba. Wapo wanaohesabu lile jukwaa la kulalia kama sehemu ya sakafu, kumbe huwezi hata kusimama wima pale juu.

Hatua ya 3: Tafuta kwa miguu

Tangazo likishaandikwa "lofti", bei imepanda. Mtandaoni tafuta "studio kubwa", "dari ndefu", "ghala lililogeuzwa". Kisha tembea pembezoni mwa mji kati, hasa mitaa iliyo nyuma ya stesheni na bandari, ndiko ghala zilikojengwa. Tazama madirisha ya juu yasiyo na mapazia. Ongea na mlinzi au msimamizi wa jengo, huyo anajua nani anahama kabla dalali hajasikia. Na kama unaweza kusubiri, tafuta msimu ambao watu hawahamihami.

Hatua ya 4: Itazame mara mbili

Lofti yangu ya kwanza niliiona Jumamosi saa nne asubuhi. Kimya, jua limejaa sakafuni, nikasaini. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikaamshwa na mtetemo. Kumbe chini kulikuwa na kiwanda cha uchapaji. Glasi ya maji niliyoiacha dirishani ilikuwa inachora viduara juu ya maji, kimoja baada ya kingine, mpaka saa nane mchana. Nilivumilia miezi kumi na moja kwa sababu ya mkataba.

Kwa hiyo nenda siku ya kazi, kisha rudi usiku. Piga kofi katikati ya ukumbi: mwangwi ukichelewa kufa, ujue utasikia kila kijiko. Weka kiganja kwenye matofali. Ukiona unga mweupe kama chumvi, maji yanapita au yalishapita ndani ya ukuta. Fungua madirisha yote, mengi ya zamani yana kioo cha tabaka moja tu na fremu ya chuma inayovujisha upepo.

Hatua ya 5: Jadili kwa kasoro uliyoikuta

Usiseme "punguza kidogo". Sema "fremu mbili hazifungi, nikisaini miaka miwili tutafanyaje?" Wenye nyumba wanachukia nyumba tupu kuliko punguzo. Lolote mtakalokubaliana liingie kwenye mkataba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, haya majengo mapya yanayoitwa lofti, nayo ni lofti?

Jibu: Ni fleti zenye dari ndefu, basi. Ila siyapondi: madirisha yanafunga vizuri na bili huwa nafuu. Kama hujali historia ya jengo, chukua.

Swali: Mwalimu, nina watoto wawili wadogo. Naweza kujenga vyumba ndani?

Jibu: Dada, ukuta wa kudumu unahitaji ruhusa ya mwenye jengo, na unaweza kuziba mwanga au njia ya kutokea moto. Kabati refu lisilofika darini, lililofungwa vizuri ukutani, pamoja na pazia zito linatosha kuzuia macho. Sauti halizuii hata kidogo, mtoto akilia mtaamka wote. Na zile ngazi za wima za kupanda jukwaani, kwa watoto wadogo nakushauri uachane nazo kabisa.

Swali: Nimetumiwa picha kali, kodi nusu ya mtaa, mwenyewe yuko safari, anataka amana leo ili aniwekee. Nitume?

Jibu: Usitume hata senti. Chukua zile picha uzitafute mtandaoni, mara nyingi utazikuta kwenye tangazo la mji mwingine.

Swali: Nimepata moja safi, lakini mkataba ni wa ofisi. Jamaa anasema nilale tu, hakuna atakayejua.

Jibu: Hapo ndipo unafuu wote ulipotoka. Kwenye mkataba wa ofisi kwa kawaida hupati kinga za mpangaji wa makazi, kwa hiyo kukutoa ni rahisi, na bima inaweza kukataa kulipa wakijua ulikuwa unalala pale. Kaulize ofisi ya mipango miji kama jengo limesajiliwa kwa makazi au lina maombi ya kubadili matumizi. Kama lina maombi, mwambie jamaa utasaini siku kibali kitakapotoka.