Somo: Kuotesha bakwiti mwitu ya jangwani, kwa mbegu na kwa vipandikizi

Kuanzia Juni hadi Septemba huku jangwa la Mojave, California, maua mengi yameshanyauka na ardhi imebaki kama tanuri. Kichaka kimoja ndicho kinachoendelea kuchanua: kifupi, cha kijivu, kimo chake magotini hadi kiunoni, chenye vishada vya maua madogo meupe yaliyochanganyika na waridi. Huku kinajulikana kama bakwiti ya California. Jina lake la kitaalamu ni Eriogonum fasciculatum. Mimi ni mtoto wa Singida, marehemu baba alikuwa mtundika mizinga, na nilikipenda kichaka hiki siku ile nilipokisogelea saa tano asubuhi mwezi wa Julai nikasikia kinavuma. Nyuki walikuwa wamekijaa. Asali yake ni nzito, ya rangi ya kahawia, na ni miongoni mwa asali zinazotegemewa na wafugaji nyuki wa kusini mwa California.

Wengi mmeniuliza namna ya kukiotesha, hasa ninyi mliohamia Las Vegas, Phoenix na miji ya huku jangwani mkakuta uani kwenu ni mchanga mtupu. Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe.

Kwanza, elewa mvua yake

Hapa ndipo nilipopotea miaka miwili, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwetu Singida mvua inaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Hapa Mojave nako mvua nyingi hunyesha miezi hiyohiyo, ila ni kidogo mno. Sehemu nyingi hazifikishi milimita 150 kwa mwaka mzima. Tofauti kubwa iko kwenye joto. Kwetu mvua na joto huja pamoja. Huku mvua huja na baridi, na joto linapokuja udongo umeshakauka. Kichaka hiki kimezoea kunywa wakati wa baridi na kufunga wakati wa joto. Ukikipa maji mengi mwezi wa Julai, udongo ukawa na unyevu na joto kwa pamoja, vimelea vya kuozesha mizizi vinaamka na kichaka kinakufa ndani ya wiki mbili, tena kikiwa kimesimama wima na majani yake.

Vichaka vyangu vinne vya mwanzo nilivipanda mwezi wa Mei na kuviunganisha na bomba la matone lililokuwa likimwagilia mikomamanga. Mkono wa mkulima ukiona mmea umelegea adhuhuri unakimbilia maji, nami nikaongeza maji. Kufika Agosti vyote vilikuwa vimekufa, na nilipong'oa mizizi ilikuwa myeusi na inanuka.

Chagua aina inayofaa mahali pako

Aina ya pwani ina majani ya kijani na hutambaa chini. Huuzwa sana kwa sababu hufunika miteremko haraka. Aina ya jangwani, wataalamu wanaiita polifolium, ina majani ya kijivu yenye vinyweleo juu na chini, na huvumilia baridi ya usiku kuliko ile ya pwani. Ukiwa jangwani tafuta hiyo ya kijivu. Ukienda kwenye kitalu uliza mbegu zilitoka wapi, na kama muuzaji hajui, tafuta kitalu kinachoshughulika na mimea ya asili.

Kupata mbegu

Vishada vikishageuka rangi ya kutu, kati ya Agosti na Oktoba, mbegu zimekomaa. Sugua kishada kimoja kiganjani. Kila ua hubeba mbegu moja tu, ya kahawia, ya pembe tatu, ndogo kama milimita mbili, na maua mengi huwa matupu. Kwa hiyo kabla ya kujaza mfuko, ponda maua kumi uhesabu. Ukipata mbegu tatu au nne, vuna. Usipopata hata moja, rudi baada ya wiki mbili au jaribu kichaka kingine.

Weka vishada kwenye mfuko wa karatasi, kamwe usitumie plastiki, uviache vikauke wiki moja au mbili ndani ya nyumba. Halafu sugua na upepete kwenye ungo kama unavyopepeta ulezi. Makapi hayataisha yote na hayana madhara; mimi napanda pamoja nayo.

Jambo la sheria: California inakataza kuchuma mmea kwenye ardhi ya umma au ya mtu mwingine bila kibali cha maandishi, na ndani ya hifadhi kama Joshua Tree huruhusiwi kuchuma hata kishada. Omba kwa jirani mwenye kichaka uani kwake.

Kusia

Mbegu za aina hii hazihitaji kulowekwa wala kukwaruzwa. Kuna njia mbili.

Njia rahisi ni kusia palepale unapotaka kichaka kikae. Novemba, kabla ya mvua, kwaruza udongo kwa reki, tawanya mbegu pamoja na makapi, kanyaga kwa miguu ili zigusane na udongo, basi. Usizifukie zaidi ya milimita tatu. Miche itakayotoka itakuwa michache lakini imara, kwa sababu mzizi mkuu utashuka chini bila kuguswa na mtu.

Njia ya pili ni viriba. Chukua viriba virefu, urefu wa sentimita 20 au zaidi, maana mzizi unatangulia chini kabla majani hayajaonekana ya maana. Mchanganyiko wangu ni mchanga mnene sehemu mbili, kokoto nyepesi za volkano sehemu moja na mboji sehemu moja. Samadi hapana. Sia Februari au Machi, mbegu nne au tano kila kiriba, funika kwa mchanga mwembamba, nyunyizia maji kama umande. Zitachomoza kati ya wiki moja na tatu. Zikifikisha majani manne, bakiza mche mmoja na mingine ikate kwa mkasi. Ukiing'oa utamtikisa yule unayemtaka. Kiangazi chote weka viriba mahali penye kivuli cha mchana, na umwagilie pale tu udongo wa juu unapokauka.

Vipandikizi

Hii njia ni ya kutumia pale unapokuwa na kichaka kimoja bora unachotaka kukirudufu. Siipendekezi kwa anayeanza. Kata kati ya Novemba na Januari, ncha za matawi zisizo na maua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, sehemu ya chini ikiwa imeanza kuwa ngumu kama kijiti. Ng'oa majani ya nusu ya chini, chovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, chomeka kwenye perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kuoteshea) na mchanga nusu kwa nusu. Hewa iwe na unyevu kidogo lakini usifunike kwa plastiki muda wote, majani yenye vinyweleo huota ukungu. Subiri wiki sita hadi nane. Msimu uliopita nilikata kumi, vikashika vitatu, nikafurahi.

Kuna ujanja mdogo zaidi. Tawi la chini likigusa ardhi, lilaze, lifunike kwa mchanga na uweke jiwe juu. Mara nyingine litatoa mizizi lenyewe, na mwaka unaofuata unalikata na kulihamisha.

Kupanda shambani

Oktoba na Novemba, joto likishapungua. Kwanza pima udongo: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Yakikauka ndani ya saa chache, panafaa. Yakilala hadi kesho yake, una mfinyanzi au lile tabaka gumu la chokaa linaloitwa kalichi. Kalichi ivunje kwa mtalimbo; mfinyanzi ufanyie tuta la udongo na kokoto, kimo cha sentimita 30, upande juu yake.

Chana kiriba pembeni, usivute shina. Shingo ya mche ibaki juu kidogo ya usawa wa ardhi. Usitie mbolea. Acha mita moja hadi moja na robo kati ya kichaka na kichaka. Tandaza changarawe kuzunguka, na maganda ya mti yaweke mbali na shina. Sungura wa huku wanapenda miche michanga, kwa hiyo zungushia waya wa kuku mwaka wa kwanza.

Maji: siku ya kupanda lowesha kabisa. Kisha mara moja kwa wiki mpaka mvua zianze au mpaka mmea uonyeshe majani mapya. Kiangazi cha kwanza, mara moja kila wiki mbili au tatu, maji ya kuzama chini, alfajiri, na mbali kidogo na shina. Mwaka wa pili, mara moja kwa mwezi ikiwa hakuna mvua kabisa. Wa tatu uachie mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Las Vegas. Kichaka changu kilikuwa cheupe, sasa Agosti kimekuwa chekundu kama kutu. Kimekufa?*

Marahaba dada. Kama ni vishada vilivyogeuka rangi, hiyo ni hali yake ya kila mwaka, tena wengi tunaipenda. Usivikate sasa, maana ndege na chungu wanakula mbegu zake. Kama ni majani, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, kipo hai; kimepunguza majani ili kistahimili ukavu. Usikiongezee maji.

*Ndugu, hapa Phoenix mvua kubwa hunyesha Julai na Agosti. Mbona umesema maji wakati wa joto yanaua?*

Swali zuri kaka. Mvua zile ni za saa moja au mbili, na kwenye kokoto udongo wa juu unakauka baada ya siku chache. Kinachoua ni unyevu usiokatika, kama wa bomba la matone linalojifungua kila siku. Mvua ikinyesha vizuri, mwezi huo ruka zamu yako ya kumwagilia. Kichaka kiwe na laini yake ya maji peke yake, kisichangie na michungwa.

*Hii ndiyo bakwiti ya unga wa chapati za maji?*

Hapana. Ile ya unga ni Fagopyrum, inalimwa kama nafaka. Wako ukoo mmoja tu, pamoja na rubarbu. Mbegu za huyu wetu ni ndogo mno kusaga. Wenyeji wa asili, kama Wacahuilla, walichemsha majani yake kwa maumivu ya kichwa na ya tumbo. Mimi si mganga, kwa hiyo dozi usiniulize.

*Niko Minnesota, naweza?*

Mama, baridi na unyevu wa huko vitakisumbua. Tafuta maua ya asili ya mbuga za huko.

*Mimi ni mfuga nyuki Dodoma. Nitumie mbegu, huku nako ni kukavu.*

Ndugu yangu, nimelifikiria sana ombi hili kwa sababu Dodoma na Singida ni nyumbani. Jibu langu ni hapana. Mvua ya Dodoma huja na joto, hivyo mmea wenyewe utateseka. Halafu mbegu haivuki mpaka bila vibali vya afya ya mimea. Na hata ungekuwa na vibali, kumbuka mti wa mathenge kule Baringo, Kenya. Uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Ukaenea mpaka ukafunika malisho, na wafugaji wakafika mahakamani wakilalamika kwamba mbuzi wao wanang'oka meno kwa maganda yake. Wewe tayari una miti ya migunga na miswaki, na nyuki wako wanaijua. Ongeza hiyo karibu na mizinga, na maswali ya kuiotesha nitajibu kwa furaha.

*Kichaka cha miaka minane kimekuwa vijiti vitupu katikati. Nikikate chini kabisa kichipue?*

Usifanye hivyo. Mti mkavu wa zamani mara nyingi hauchipui tena. Kila mwaka, baada ya mbegu kudondoka, punguza ncha tu, theluthi moja na si zaidi, ukiacha majani kwenye kila tawi. Kwa hicho cha miaka minane, angalia chini yake kabla hujashika mkasi. Novemba, baada ya mvua ya kwanza, huwa kuna miche imejiotea yenyewe kivulini. Chagua mmoja ulio wima, uzungushie waya, na mama yake umwache asimame amkinge upepo mpaka mtoto afike magotini.